Sauti Imebaki Wapi? Kuhifadhi na Kutoa Rekodi katika Audacity

Malalamiko huwa ni yaleyale. Mtayarishaji wa vipindi amehariri mahojiano ya saa nzima, amebonyeza "Save", ametia faili kwenye flashi na kukimbilia studio. Fundi mitambo analifungua, hakuna kitu. Wa kwanza kulaumiwa ni flashi, wa pili ni virusi. Mara nyingi wote wawili wanasingiziwa: sauti ipo kwenye kompyuta aliyoiacha mezani, na kilichosafiri ni maelezo yake tu.

Naichambua Audacity kwa kuwa ni ya bure na haidai kompyuta ya bei mbaya. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka uliofuata. Hadi matoleo ya 2, mradi wake ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni faili dogo la .aup: maandishi matupu yanayoeleza kipande kipi kinaanza wapi na kinafuatwa na kipi. Ya pili ni folda yenye jina lilelile na _data mwishoni. Humo ndimo ilimokaa sauti yenyewe, imekatwa vipande visivyozidi megabaiti 1. Kwa mipangilio ya kawaida ya programu, biti 32 na sampuli 44,100 kwa sekunde, kipande kimoja ni kama sekunde sita za chaneli moja. Saa moja ya stirio ilizaa mafaili 1,200 hivi.

Mpango huo ulikuwa na akili. Ukikata neno moja katikati ya rekodi, programu hailazimiki kuandika upya saa nzima. Inagusa vipande vichache na kurekebisha mpangilio. Gharama ilimwangukia mtumiaji. Aliyenakili .aup peke yake alibeba orodha ya sokoni akaacha kapu. Aliyebadilisha jina la folda alivunja uhusiano wa pande mbili. Na msafishaji wa kompyuta aliyekuta mamia ya mafaili yenye majina kama e000012f.au aliyafuta yote kwa nia njema.

Machi 2021 likaja toleo la 3.0, na kila kitu kikaingizwa katika faili moja la .aup3. Ndani yake ni hifadhidata ya SQLite, teknolojia ileile inayotunza taarifa ndani ya simu za Android. Kwangu mimi huo ni uamuzi sahihi uliochelewa. Hata hivyo hifadhidata ina tabia zake. Mradi ukiwa wazi, mabadiliko mapya huandikwa kwanza pembeni, katika faili lenye mwisho wa -wal, kisha ndipo huingizwa katika faili kuu. Ukinakili .aup3 kabla hujafunga mradi, unaweza kuondoka bila kazi uliyoifanya muda mfupi uliopita. Funga kwanza, nakili baadaye. Wala usihariri ndani ya flashi, au ndani ya folda inayojipakia yenyewe kwenye OneDrive au Dropbox. Programu mbili zitagombea faili moja katikati ya kazi.

Kuna pia suala la uvimbe. Ulichokikata bado kimo ndani ili "Undo" iweze kukirudisha, na nafasi haipatikani mpaka mradi ufungwe. Mwenye diski iliyojaa akifuta dakika kumi za rekodi akidhani anapata nafasi, hapati.

Programu ikigoma kuhifadhi kabisa, angalia jina kwanza. Windows haikubali alama ya mkwaju wala ya kuuliza, kwa hiyo "Mahojiano 12/5" haliandikiki. Kisha jaribu folda nyingine, maana ulinzi wa Windows dhidi ya virusi vya kudai fidia ukiwashwa unaweza kuizuia Audacity kuandika ndani ya Documents.

"Save Project" ni ya Audacity peke yake. Redio na simu zinataka faili lililotolewa kwa "Export". Kuhusu MP3 sina mengi: zamani ilibidi kupakua LAME, kisimbaji cha MP3, kando kwa sababu ya hataza, hataza zikaisha 2017, na toleo la 2.3.2 la mwaka 2019 likaja na LAME ndani. Ukiona bado unaombwa LAME, toleo lako limezeeka. Kwa M4A na AMR, maktaba ya FFmpeg ingali inahitajika.

Penye mengi ni pale faili linapotoka lakini liko kimya. Kagua vitufe vya "Mute" na "Solo", kwani traki iliyonyamazishwa haitolewi. Kama viko sawa, shuku waya. Maikrofoni ya XLR hupeleka ishara ileile mara mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine, ili kifaa kinachopokea kichukue tofauti yake na kuua kelele za njiani. Ukiichomeka kwa adapta isiyofaa kwenye tundu la stirio, ishara moja huenda kushoto na kinyume chake huenda kulia. Kwenye hedifoni unasikia, ingawa sauti haina kitovu. Ukitoa kwa mono, au msikilizaji akitumia simu ya spika moja, pande mbili hujumlishwa: 0.4 na −0.4 ni sifuri. Kuza mawimbi kwenye skrini mpaka uone mkunjo mmoja mmoja. Kama kushoto kunapanda kila kulia kunaposhuka, umempata mchawi. Gawa stirio kuwa traki mbili, futa moja, toa upya.

Rekodi ndefu, kama ya mkesha au semina, hukumbana na ukuta mwingine. Kichwa cha faili la WAV hutaja ukubwa kwa namba ya biti 32, kwa hiyo mwisho wake ni gigabaiti 4. Kwa stirio ya biti 16 hizo ni kama saa sita na dakika 45. Kwa biti 32, nusu yake. Flashi ya FAT32 nayo ina kikomo hichohicho. Toa kwa FLAC, ambayo hubana bila kupoteza sauti, au toa kwa mafungu.

Kichwa hichohicho ndicho kiini cha tatizo la betri kuisha kabla hujasimamisha kinasa sauti. Kwa kawaida ni baiti 44 za mwanzo, na ukubwa hujazwa mwishoni. Umeme ukikatika, namba hubaki sifuri na vichezeshi husema rekodi haina hata sekunde. Tazama uzito wa faili: kama ni mamia ya megabaiti, sauti imo. Ingia "Import", chagua "Raw Data", weka biti 16, "little-endian", idadi ya chaneli na kiwango cha sampuli cha kinasa chako. Ukisikia mvumo mtupu, umekosea biti au mpangilio wa baiti. Ukisikia watu wanaongea haraka kwa sauti nyembamba, umekosea sampuli.

Na kama faili lenyewe linaonyesha baiti sifuri, toa kadi kwenye kinasa mara moja. Usiifomati, usirekodi chochote juu yake, mpaka umeipitisha kwenye programu ya kuokoa data kama PhotoRec.