Kulikagua Dema

Dema, mtego wa samaki wa kusukwa, huhukumiwa chini ya maji. Jambo hili lisingehitaji kuandikwa lau si sifa zinazomwagiwa madema yaliyopakwa vanishi na kutundikwa kwenye kuta za hoteli za pwani, kingo zikiwa zimenyooka na mlango ukiwa hauwezi kumzuia hata tasi mgonjwa. Hayo ni mapambo. Kuyaita ufundi ni kuwavunjia heshima mafundi.

Ukaguzi huanza kwenye mwanzi. Mwanzi mchanga hupasuka kwa urahisi na hukunjika bila ubishi, ndiyo maana msukaji mvivu huupenda, lakini baharini hulegea mapema. Uliokomaa hutoa fito ngumu zenye ganda linalong'aa upande mmoja, na ganda hilo sharti likae nje. Wazee hushikilia kwamba mwanzi ukatwe mwezi ukiwa giza, usije ukabunguliwa, na hakuna haja ya kubishana nao. Dema likigongwa chini na unga ukadondoka, mazungumzo ya bei yamekwisha. Wapo wauzaji wanaolijua jaribio hilo, nao huyalowesha madema usiku ili asubuhi unga usitoke. Dema jipya lenye unyevu, linalouzwa mbali na maji, litiliwe shaka.

Matundu yawe ya pembe sita na yalingane. Matundu ya mraba ni ya tenga.

Hayo yote hata mgeni hufundishika kwa nusu saa. Kinachompita kila mara ni ncha za mlango. Huutazama mlango kutoka nje, akausifu upana na mviringo wake, ilhali kazi yenyewe iko ndani, pale fito zinapokomea. Samaki aliyenaswa huufuata ukuta wa dema akitafuta pa kutokea. Kwa hiyo mdomo wa ndani hauna budi kukaa mbali na kuta, umeinuka kutoka chini, ili kila akizunguka apite kando yake au chini yake asiuone. Ncha ziachwe huru, zielekee ndani na kuinama kidogo. Zisifungwe kwa uzi. Fundi asiyejua huzifunga, kwa kuwa ncha huru huonekana kama kazi iliyoachwa njiani, na mnunuzi asiyejua humsifu kwa unadhifu wake. Wote wawili wametengeneza mlango ambao samaki hutokea vilevile alivyoingilia.

Kipimo ni mkono. Uingizwe mlangoni hadi kiwiko: uingie kwa ulaini, ncha zikitanuka, ukivutwa nje, ncha ziparuze ngozi na kukamata shati. Mkono ukitoka salama, samaki naye atatoka. Husimuliwa habari za wazee waliopofuka ambao waliendelea kusuka milango tu, vijana wakiwaletea madema yaliyoachwa wazi upande mmoja, wao wakamalizia kwa vidole. Leo mtu mmoja hulimaliza dema zima kwa haraka, na haraka hiyo huonekana.

Kamba iwe ya makumbi. Nailoni hudumu, lakini hula fito na haipendezi. Mawe yafungwe kwa kulingana, maana wakati wa bamvua mkondo hulibiringisha dema jepesi na kulivunja mwambani. Katika kutega, mlango uelekezwe kule maji yanakokwenda, kwa sababu samaki huifuata harufu ya chambo akipanda mkondo. Kwa tasi, ambaye Lamu na Mombasa huitwa tafi, chambo ni mwani. Anayemtegea kwa nyama amekosea samaki. Wavuvi wengi hawafungi boya. Hushika alama za nchi kavu, mnazi fulani ukipangana na mnara wa msikiti, kwa kuwa boya humwonyesha mwizi njia.

Ubunifu mmoja wa karibuni unastahili kukubaliwa, ingawa unachafua sura ya dema: upenyo mwembamba wa wima unaoachwa ukutani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu madema ya pwani ya Kenya ulionyesha kwamba upenyo wa sentimita 3 huwaachia samaki wadogo na wale wembamba wasio na soko, wanaobaki wakawa wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi hakikupungua. Fundi anayekataa kuuweka kwa hoja kwamba babu yake hakuuweka asahihishwe kwa upole: babu yake alivua mwamba wenye samaki wengi.

Dema la waya haliingii katika mwongozo huu. La mwanzi likipotea huoza, na samaki wakapata njia. La waya uliopakwa plastiki hukaa chini likiendelea kunasa na kuua samaki wasiovuliwa na yeyote, na sababu hiyo pekee yatosha kulikataa.