Sonic 2 na Sifa ya Kazi ya Pili

Kazi ya pili ndiyo inayompima fundi. Ya kwanza inaweza kubebwa na upya wake, kwa kuwa mtu akishangaa husamehe mengi. Ya pili huja mshangao umekwisha, na mchezaji anajua barabara ni wapi palipomkera. Ndiyo maana naistahi sana gemu ya Sonic the Hedgehog 2.

Gemu ya kwanza, iliyotolewa na Sega mwaka 1991 kwa mashine ya Mega Drive, iliahidi kasi. Sonic, kalunguyeye wa buluu, aliteremka vilima mbio, akapita kwenye vitanzi kichwa chini miguu juu, akajikunja kuwa mpira na kuwabomoa maadui. Green Hill, eneo la kwanza, lilitimiza ahadi hiyo. Marble, lililofuata, likamfunga breki mchezaji: mara asubiri vyuma vya kuponda vipande juu, mara asimame juu ya jiwe linaloelea taratibu kwenye lava. Tena, ukikwama chini ya mwinuko mkali, huna budi kurudi nyuma kutafuta nafasi ya kukimbilia.

Sonic 2 ilitoka Novemba 1992. Ilitengenezwa California, katika Sega Technical Institute, ambako mtunzi wa programu Yuji Naka na msanifu wa hatua Hirokazu Yasuhara, wote wa gemu ya kwanza, walifanya kazi pamoja na wasanii wa Marekani. Tiba yao ilikuwa ndogo ajabu. Sonic akiwa amesimama, unabonyeza chini, anainama. Ukigusa kitufe cha kuruka, anaanza kuzunguka palepale huku vumbi likitimka nyuma yake. Gusa tena na tena, nguvu inaongezeka. Achia, naye anachomoka. Mwinuko uliokuwa ukikurudisha nyuma sasa unaupanda kutoka hapo hapo ulipo. Hakikuongezwa kitufe hata kimoja, na bado maana ya kila mteremko ilibadilika.

Ramani nazo zikapanuliwa zilingane na uwezo huo. Chemical Plant, eneo la pili, lina barabara za kupanda na kushuka na mabomba yanayokurusha mbali. Maeneo mengi yana hatua mbili badala ya tatu, kwa hiyo mandhari hubadilika kabla hujaichoka.

Kuna rekebisho jingine ambalo wengi hawakuligundua, nami ndilo ninalolipenda kuliko yote. Katika gemu zote mbili, Sonic akiumia, pete alizookota njiani hutawanyika, naye humetameta kwa muda mfupi akiwa hadhuriki. Lakini katika ya kwanza, miiba haikujali kinga hiyo: ukitupwa kutoka mwiba mmoja ukaangukia mwingine, huna pete, umekufa. Sonic 2 iliifanya kinga ifanye kazi hata mbele ya miiba. Hakuna tangazo la biashara linaloweza kujivunia jambo kama hilo. Ni haki tu, aliyotendewa mchezaji na mtu aliyeketi akafikiria uchungu wake.

Halafu kuna Tails, mbweha mwenye mikia miwili aliyebuniwa na Yasushi Yamaguchi. Mchezaji wa pili huokota pedi na kumwendesha. Tails akifa, hakuna anayepoteza uhai. Baada ya muda anarudi akiruka angani. Pete anazookota ni za Sonic. Hivyo mdogo wa nyumbani, asiyeweza bado kucheza peke yake, anapata nafasi ya kusaidia bila kuharibu. Ni kweli, katika zile hatua maalumu za kusaka vito viitwavyo Chaos Emeralds, Tails hugonga mabomu na kukupotezea pete. Hata kazi njema huacha kitu cha kusahihishwa na itakayofuata.

Mwaka 1997, Sega ilipozikusanya gemu hizi katika Sonic Jam, ilimpa mchezaji hiari ya kutumia mzunguko ule wa papo hapo hata ndani ya gemu ya kwanza. Nani angetaka sifa kubwa kuliko hiyo? Wazo likiwa sahihi kweli, watu hulirudisha hadi kwenye kazi iliyolitangulia. Na wazo la namna hiyo halipatikani kwa kujiuliza tuongeze nini. Hupatikana kwa kumtazama kwa makini mtu anayecheza, na kuona ni wapi alisimama bila kutaka.