GNOME na Mlango wa Bluetooth Usiokaa Wazi

Uamuzi wa GNOME, eneokazi ambalo watumiaji wengi wa Ubuntu na Fedora hulikuta tayari kwenye kompyuta zao mpakato, wa kupokea faili kwa Bluetooth pale tu ukurasa wa Bluetooth unapokuwa wazi ndani ya Mipangilio, ni kosa la usanifu, na kubaki kwake kwa miaka mingi hakukulifanya kuwa jambo la busara.

Mwenendo wa kosa lenyewe unafahamika. Simu huoanishwa na kompyuta, yaani vifaa viwili hutambulishana na kuwekeana siri ya kudumu. Tarakimu sita hulinganishwa na kukubaliwa pande zote mbili. Kisha picha huchaguliwa na kutumwa, na simu hutangaza kuwa faili haikutumwa. Kwenye kompyuta hapatokei arifa wala onyo. Mtumiaji huanza kuutilia shaka uoanishaji, huufuta, huurudia, pengine huizima na kuiwasha kompyuta nzima, ilhali uoanishaji haukuwa na dosari yoyote. Akifungua ukurasa wa Bluetooth kwa sababu nyingine kabisa, faili ileile hupita na kutua katika folda ya Vipakuliwa. Ukurasa huo una sentensi inayoeleza kuwa kompyuta inaonekana kwa jina fulani na iko tayari kupokea faili, lakini sentensi hiyo husomwa na yule tu ambaye tayari ameufungua, na haimwambii kwamba akiufunga mapokezi nayo yamekwisha.

Chanzo kimo katika mgawanyo wa kazi. BlueZ, mfumo wa Bluetooth ulioingia katika kiini cha Linux mwaka 2001, husimamia redio na uoanishaji, na huifanya kazi hiyo vizuri. Faili hushughulikiwa na obexd, programu ya chinichini inayotumia OBEX, itifaki iliyorithiwa kutoka enzi za simu zilizorushiana majina kwa miali ya infraredi. Hata hivyo, obexd haipokei faili kwa hiari yake: huhitaji wakala, yaani programu iliyojiandikisha kwake ili kujibu ndiyo au hapana kila faili inapobisha hodi, na pasipo wakala hukataa, isipokuwa imeanzishwa kwa amri ya kukubali kila kitu. GNOME iliukabidhi uwakala huo ukurasa wa Mipangilio, sawa na kumwajiri bawabu kwa zile dakika tu ambazo mwenye nyumba mwenyewe amesimama mlangoni.

Utetezi unaotolewa ni usalama, kwamba kompyuta isionekane na kila mpita njia. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Kuonekana ni kujitangaza kwa vifaa vigeni, na BlueZ tayari hukuwekea kikomo, ambacho kwa kawaida ni sekunde 180. Kupokea kutoka kwa simu iliyokwisha kuoanishwa hakuhitaji kuonekana huko hata kidogo. Lililopaswa kufungwa ni la kwanza, nalo la pili likafungwa bila kosa.

Jambo hili lilikwisha kutatuliwa zamani, tena ndani ya GNOME yenyewe. Programu ya gnome-user-share ilimpa mtumiaji chaguo tatu: kupokea daima, kupokea kutoka kwa vifaa vilivyooanishwa pekee, au kuulizwa kwanza. Chaguo la pili peke yake lingetosha hadi leo. Badala yake chaguo hizo ziliondolewa, na desturi ya kung'oa kinachofanya kazi ikaendelea, ileile iliyoonekana BlueZ 5 ilipotoka Desemba 2012 na kuziacha programu zilizojengwa juu ya toleo la 4 zikihitaji kuandikwa upya, kisha hcitool na hciconfig, zana ambazo kizazi kizima kilijifunzia Bluetooth, zikatangazwa kuwa zimepitwa na wakati.

Kutuma hakuna lawama: zana ya GNOME ya kutuma, bluetooth-sendto, hufanya kazi yake. Kwa upande wa kupokea, programu nyingine za Bluetooth, yaani Blueman, na Bluedevil ya eneokazi la KDE, huendelea kusubiri faili na kumuuliza mtumiaji bila kumlazimu kukaa mbele ya ukurasa. (iPhone haihusiki katika mjadala huu, kwa kuwa haipokei wala haitumi faili kwa njia hii.)

Anayebaki na GNOME pekee hana budi kuufungua ukurasa wa Bluetooth kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma kwenye simu, na asiufunge hadi faili iwe imefika katika folda ya Vipakuliwa.