Jamani, Utulivu Unatengenezwa Kichwani!

Yaani vidole vyangu bado vinateleza! Nimetoka kushika ubongo wa mbuzi, mbichi kabisa, kutoka bucha moja hapa Lizaboni, na nakwambia ndugu yangu, sijawahi kugusa kitu laini namna ile. Baridi, mzito, mnyevu, unataka kuponyoka, halafu unakuachia utando wa mafuta ambao maji ya bomba ya Songea, kwa baridi hii ya Juni, hayautoi ng'o! Na utando huo ndio ulionitia wazimu, maana ndani yake mna kolesteroli, tena nyingi mno. Ubongo wetu sisi binadamu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini umebeba karibu robo ya kolesteroli yetu yote. Hauiazimi kwenye damu. Unaitengeneza wenyewe, humo humo ndani. Na bado! Kutokana na kolesteroli hiyo hiyo, ubongo unatengeneza steroidi!

Usifikirie zile za wabeba vyuma, hapana. Hizi ni za kwako, umezaliwa nazo, zinafanya kazi sasa hivi unaposoma. Mfaransa Étienne-Émile Baulieu na wenzake ndio waliotushtua mwaka 1981: walizikuta kwenye ubongo wa panya ambao tezi zao zinazotengeneza homoni za aina hiyo zilikuwa zimeshaondolewa. Tezi hazipo, steroidi ipo! Sasa imetoka wapi kama si humo humo kichwani? Niliposoma hapo nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

Ngoja nikupe tamu yenyewe. Iko moja inaitwa alopregnanoloni. Jina refu, najua, lakini vumilia, maana hii ndiyo kipenzi changu. Seli za neva hutulizana kwa kemikali iitwayo GABA: seli moja inaimwaga, seli jirani inafungua kijilango kwenye ngozi yake, chembe za kloridi zinaingia, seli inapoa, inaacha kupiga kelele. Alopregnanoloni inakuja na kujibandika pembeni mwa kijilango hicho, kama mgeni aliyeweka mguu mlangoni usifungwe upesi. Kloridi inazidi kuingia, inaingia, inaingia, na ule utulivu unakolea! Homoni nyingi za steroidi tulizofundishwa shuleni huingia hadi kwenye kiini cha seli, zikaamsha jeni, ukasubiri masaa. Hii haina subira hiyo kabisa. Inagusa mlango tu, mambo yanabadilika papo hapo!

Unaujua ule moyo unaodunda bodaboda ikikukosakosa Mfaranyaki, halafu taratibu kifua kinashuka, mabega yanalegea? Panya walioogeleshwa kwa nguvu, wakababaika vibaya, walionekana kuongezeka alopregnanoloni ubongoni ndani ya dakika chache. Hofu inapanda, na breki nayo inapanda! Mimi sasa kila nikishtuka naweka mkono kifuani nasubiri kwa hamu, nasisimka kama mtoto. Hebu jaribu na wewe.

Na bado! Akina mama, hapa ndipo napenda kupita kiasi. Wakati wa ujauzito alopregnanoloni hupanda sana, kwa sababu hutokana na projesteroni. Mtoto akishazaliwa, inaporomoka ghafla. Kwa baadhi ya akina mama mporomoko huo unahusishwa na sonona baada ya kujifungua, ile huzuni nzito ambayo majirani huiita uvivu au kudeka. Siyo kudeka! Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha alopregnanoloni yenyewe kama dawa ya sonona hiyo, ikiingizwa kwa dripu kwa saa 60, na mwaka 2023 ikaidhinisha kidonge cha jamii hiyo, cha kumeza kila jioni kwa siku 14. Kitu cha ndani ya kichwa cha mama kimegeuka kuwa dawa ya mama! Natamani, natamani mno kifike kwenye wodi zetu za wazazi.

Halafu ipo dada yake, pregnenoloni salfeti, inayofanya kinyume: inabana vile vijilango vya GABA na kuzichochea seli ziongee zaidi. Kolesteroli ile ile, huku inatuliza, kule inaamsha! Nani alipanga mambo haya?

Na bado, subiri, usiondoke! Kuna ndege wadogo waimbaji wa Australia, madume, ambao wakisikia wimbo wa mwenzao, estrojeni, nayo ni steroidi, inapanda kwenye sehemu ya ubongo inayosikiliza, ndani ya dakika kadhaa, na seli za hapo zinaupokea wimbo kwa nguvu zaidi. Kimeng'enya kinachoitengeneza kimekaa kwenye ncha za neva zenyewe, pale pale ujumbe unapovushwa! Mshike mwalimu yeyote wa biolojia unayemfahamu, leo hii, akueleze hilo la ndege kwanza, halafu mkimaliza nitafuteni, maana ninayo mengine!