Bega la Mrusha Mkuki Mbele ya Altrasaundi

Bega ni kiungo chenye uhuru wa kwenda huku na huko kuliko viungo vyote vya mwili, na kwa sababu hiyo uthabiti wake hautokani sana na mifupa bali na kano za misuli minne zilizokikumbatia kichwa cha mfupa wa mkono, ambazo kwa mrusha mkuki, mwogeleaji au mpiga voliboli hutumikishwa mara maelfu kwa msimu mmoja. Basi mchezaji wa namna hii anapolalamika maumivu, tabibu humhoji kwanza na kulipapasa bega, kisha ndipo huitia mkononi proba ya altrasaundi. Ama apimaye bila kuhoji, hupata picha nyingi na maana haba.

Proba ifaayo ni ile bapa, itoayo mawimbi ya megahezi 10 au zaidi, kwani kadiri mawimbi yawavyo na marudio mengi kwa sekunde ndivyo picha izidivyo kuwa safi, ingawa hayafiki mbali. Na kano za bega, alhamdulillahi, zi karibu na ngozi. Mgonjwa huketi, mkono pajani, kiganja juu, na mpimaji huanzia mbele, penye kano ya baisepsi ndani ya mfuo wake. Lakini kano ya supraspinatasi, moja ya zile nne, ambayo aghalabu ndiyo mgonjwa, hujificha chini ya ncha ya kombe la bega mkono unaponing'inia. Kwa hiyo mchezaji huambiwa aweke kiganja chake kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kiwiko kikielekea nyuma, na hapo kano huchomoza mbele ikaonekana.

Hapa ndipo ilipo hadaa kubwa ya kazi hii. Kano nzima, ikipigwa na mawimbi wima sawasawa, hung'aa na nyuzi zake huonekana zimelala sambamba mithili ya mtande wa mfumi. Walakini proba ikiinama kwa digrii chache tu, mwangwi hurudi kwingine, na kano ile ile huwa nyeusi kama iliyochanika. Fauka ya hayo, supraspinatasi hupinda karibu na pale inaposhikana na mfupa, yaani mahali pale pale ambapo michaniko hupatikana kwa wingi. Mpimaji mwaminifu huiyumbisha proba polepole: weusi ukitoweka, ulikuwa wa pembe, ukibaki hata ukitazamwa kwa urefu na kwa upana, huupima.

Kisha mchezaji huinua mkono kwa upande, taratibu, ilhali proba imetulia, na kifuko cha ute huonekana kikijikunja chini ya ncha ya kombe. Akisema, “Hapo hapo, ndiyo maumivu yenyewe,” limepatikana jambo ambalo MRI, ambamo mtu hulala tuli, haiwezi kulitoa. MRI nayo ina haki yake: ukingo wa gegedu uliozunguka shimo la kiungo, ambao warushaji huuumiza sana, altrasaundi haiuoni vema, na huhitaji MRI yenye dawa iliyodungwa ndani ya kiungo.

Lakini kuona si kuhukumu. Mwaka 2003 matabibu wa Marekani waliandika habari za wachezaji 20 wasio na maumivu, ambao MRI ilionyesha dalili za mchaniko katika mabega 8 ya mkono wa kurushia na hakuna hata moja katika mkono wa pili; walipoulizwa baada ya miaka 5, hakuna aliyelalamika. Mwaka 2011, wanaume 51 wa umri wa miaka 40 hadi 70, wasioumwa, walipimwa kwa altrasaundi, na asilimia 96 wakaonekana na kasoro.

Kwa hiyo siikubali ripoti iandikayo “kano imechanika” bila kueleza kama kubonyeza pale kulizusha maumivu yale yale, na bega la pili lilionekanaje. Maana kocha husoma neno moja tu, akamweka mchezaji nje msimu mzima, ilhali pengine alichohitaji ni kupunguziwa mirusho na kuimarishwa misuli ya kombe.