Kihispania bila kupitia Kiingereza

Arusha na Moshi wapo waongoza watalii wanaozungumza Kihispania msimu mzima, miaka nenda miaka rudi. Wanawachekesha wageni wa Madrid na Buenos Aires, wanaeleza kwa nini nyumbu wanavuka mto, wanambembeleza mtu aliyeishiwa pumzi mlimani. Wageni wanawasifu, na wanastahili sifa. Lakini msikilize mmoja wao kwa makini na mara nyingi utakuta Kihispania chake cha leo ndicho kile cha miaka mitano iliyopita: vitenzi vilevile, makosa yaleyale. Huwezi kumwita mvivu mtu anayefanya kazi kwa lugha hiyo kutwa. Tatizo ni kwamba Kihispania chake kinamtosha, na masikio ya mtu yanayotosheka huacha kutafuta.

Wanaisimu wana mfano wao maarufu wa jambo hili. Mwaka 1983 Richard Schmidt wa Chuo Kikuu cha Hawaii alichapisha uchunguzi kuhusu msanii Mjapani aliyeishi Honolulu, ambaye alimpa jina la Wes. Wes aliendesha biashara na urafiki kwa Kiingereza, bila darasa. Katika miaka mitatu hivi uwezo wake wa kuelewana na watu ukapanda sana, sarufi ikabaki karibu palepale ilipokuwa. Baadaye Schmidt akajichunguza mwenyewe: akaenda Rio de Janeiro, akajifunza Kireno, akaandika shajara ya anachokisikia, na mazungumzo yake yakarekodiwa kwa vipindi. Matokeo aliyachapisha na Sylvia Frota mwaka 1986. Walipolinganisha shajara na rekodi, maumbo yaliyoingia mdomoni mwake yalikuwa hasa yale ambayo shajara ilionyesha kwamba aliyashtukia katika maneno ya watu. Kufundishwa peke yake hakukutosha, na kusikia bila kushtuka hakukutosha pia.

Kwa hiyo safari ya kutoka B1 au B2 hadi C1, kwa ngazi sita zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ni kazi ya kujitengenezea mishtuko hiyo kila siku, kwa mpango. Anayejisomea peke yake anaiweza. Dai langu ni moja: msemaji wa Kiswahili atashtuka mapema zaidi akikitazama Kihispania kutokea Kiswahili, badala ya kupitia Kiingereza kama vitabu vyetu vingi vinavyotulazimisha.

Hata majedwali ya ugumu wa lugha yanapimwa kutokea kwenye Kiingereza. Chuo kinachofundisha wanadiplomasia wa Marekani huweka Kihispania kwenye kundi rahisi, takriban wiki 30 za darasa, na Kiswahili kwenye wiki 36. Hesabu hizo ni za mtu anayeanza na Kiingereza. Hazimhusu mtoto wa Tanga.

Chukua nyakati zilizopita. Vitabu hutumia sura nzima kumfafanulia Mwingereza tofauti ya pretérito na imperfecto, na msomaji wetu anazifuata sura hizo akiwa amesahau kwamba anasimulia hadithi tangu utotoni. Sikia: Mzee alikuwa amekaa barazani akisoma gazeti, kijana akaingia, akamwamkia, akaketi. Kila -ka- hapo ni pretérito: entró, saludó, se sentó. Yaliyo nyuma yake, yaani kukaa na kusoma kulikokuwa kukiendelea, ni imperfecto: estaba sentado, leía. Basi jaribio ni jepesi. Jiulize kama kitenzi chako kinakubali -ka- mahali pale. Kikikubali, hadithi inasogea, na pretérito ndiyo inayotakiwa. Kikikataa na kutaka -ki- au "alikuwa ana-", ni imperfecto. Utata uko kwenye -li- pekee, kwa sababu inabeba vyote viwili: "nilijua" inaweza kuwa sabía, habari ilikuwa tayari kichwani, au supe, habari ilinifikia wakati huo. Hata hapo -ka- inaokoa. "Nikajua" ni supe. "Nikaweza" ni pude. Jedwali la vitenzi "vinavyobadilika maana", ambalo wanafunzi wengi hulikariri kwa jasho, linakuwa halina kazi.

Kuna umbo jingine ambalo mwanafunzi wa kati hulikwepa kabisa: se me rompió el plato. Yeye husema rompí el plato, nimevunja sahani, na kwa kauli hiyo anajitwisha kosa ambalo hakuna aliyemtwisha. Kiingereza mara chache husema hivyo, ndiyo maana vitabu vinazunguka. Kwetu ni maneno ya kila siku: sahani imenivunjikia, pesa zimeniishia, gari limeniharibikia njiani, mbwa wetu ametufia. Se me acabó el dinero, se me averió el coche, se nos murió el perro. Jambo limetokea lenyewe, na aliyepatwa anatajwa kwa kiambishi kidogo pembeni ya kitenzi. Niliwahi kukaa na orodha ya vitenzi vinavyopokea umbo hili vizuri katika Kihispania, nikitunga kwanza sentensi ya Kiswahili, na chache sana zilikataa.

Habari ni hiyohiyo kwa yambwa. Tunasema "nilimwona Juma" lakini "niliona nyumba". Mtu anadai kiambishi, kitu hakidai. Kihispania nacho kinamtenga mtu: vi a Juan, vi la casa. Na "nilimpa Juan kitabu" ina -m- ingawa Juan katajwa, sawasawa na le di el libro a Juan, ambapo le inaonekana kama ziada kwa anayefikiri kwa Kiingereza. Mpaka wetu uko kwenye viambishi viwili kwa pamoja: se lo di inabeba kitu na mtu, nasi tuna nafasi moja tu. Hapo tuseme kweli, ni mazoezi.

Subjuntivo nitaipita haraka, kwa kuwa nusu yake tunayo: nataka aje, mwambie asubiri, ili ujue. Nusu nyingine hatuna. "Sidhani kama atakuja" inatupeleka kwenye wakati ujao, na Kihispania kinataka no creo que venga. "Atakapofika" inatuambia ni wakati ujao, na Kihispania kinasema cuando llegue. Hizo ndizo za kuandikia kadi za kukariri. Aunque, inayowatesa wengi, inafuata kwa kiasi kikubwa mgawanyo wetu wa "ingawa" na "hata kama": ingawa inanyesha, aunque llueve, hata kama itanyesha, aunque llueva. Kwenye -nge- tahadhari. Sisi tunaiweka pande zote mbili, na mwanafunzi wetu anasema si tendría dinero, compraría, badala ya si tuviera. Kosa hilo utalisikia pia kwa wenyeji wa Burgos na Nchi ya Basque, lakini mtahini hatakusamehe kwa sababu hiyo.

Tukigeukia sauti, tuna bahati isiyosemwa. Irabu ni tano, zilezile. Ñ ni ny yetu. D ya nada inakaribia dh ya dhahabu, laini kidogo. G ya amigo inakaribia gh ya ghali. Z ya wenyeji wa Madrid ni th ya thamani. Mwanafunzi wa kwetu anayetamka vizuri mara nyingi hupewa sifa zinazozidi kiwango chake, na sifa hizo ni sehemu ya kinachomkwamisha.

Mkazo ndio unaotuponza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila ubishi. Tofauti ya barabara ya kupita na barabara ya "sawasawa" ni jambo la nadra. Kihispania kinatenga watu na nyakati kwa mkazo peke yake: hablo ni mimi leo, habló ni yeye jana. Término, termino, terminó ni vitu vitatu. Mwaka 1997 watafiti wakiongozwa na Emmanuel Dupoux walionyesha kwamba wasikilizaji Wafaransa, ambao mkazo wa lugha yao hauhami, hupata shida kubwa kutofautisha maneno yanayotengwa na mkazo tu, wakati Wahispania hawapati. Lugha yetu nayo ni ya mkazo usiohama, na vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza havituonyi, kwa kuwa Mwingereza hana tatizo hilo. Matokeo yake, mtu anasoma riwaya vizuri, kisha kwenye redio hajui nani alifanya nini.

Dawa yake ni imla, ile ya shule ya msingi, tena ya kuchosha. Radio Ambulante, kipindi cha masimulizi kilichoanzishwa mwaka 2011 na mwandishi Daniel Alarcón na wenzake, hukusanya visa kutoka nchi mbalimbali za Amerika ya Kilatini na hutoa maandishi kamili ya kila kipindi. Chukua dakika moja. Andika kila neno, rudia mara unazotaka, kisha linganisha. Usihesabu makosa, yapange. Neno nisilolijua ni fungu moja, na kwa mtu wa B2 huwa dogo. Fungu kubwa ni maneno ninayoyajua ambayo sikio halikuyatambua: va a hacer iliyoyeyuka ikawa vaser, los amigos ya Mkaribe iliyopoteza s zake, trabajó niliyoisikia trabajo. Huo ndio mshtuko wa Schmidt, ila umetengenezwa kwa makusudi. Saa moja hivi inafanya kazi ambayo filamu za wiki nzima zenye maandishi chini hazifanyi. Mimi filamu naziweka kwenye burudani.

Upande wa kusema, rekodi sauti yako ukieleza jambo moja, kisha liandike neno kwa neno, makosa yakiwemo. Watu wengi hawapendi hatua hii, na ndiyo yenye faida. Utaona kwamba vibainishi vitatu hukosekana kwa kila sentensi mbili, maana Kiswahili hakina el wala la, na me gusta café imepita mdomoni mwako bila kukwaruza. Sahihisha, kisha sema tena jambo lilelile kwa muda mfupi zaidi. Paul Nation aliichunguza mbinu ya 4/3/2 mwaka 1989: hadithi moja kwa dakika nne, halafu tatu, halafu mbili. Ukiifanya baada ya kusahihisha, ulimi unabeba umbo jipya badala ya kuharakisha la zamani.

Kuandika kuna mwalimu wa zamani zaidi. Benjamin Franklin, ambaye kwa tawasifu yake alijifunza Kihispania cha kusomea baada ya Kifaransa na Kiitaliano, anaeleza alivyojinoa katika Kiingereza chake mwenyewe: alichukua insha za jarida la Spectator, akaandika vidokezo vya kila sentensi, akaziacha siku chache, kisha akazijenga upya bila kutazama na kulinganisha. Fanya hivyo kwa makala za maoni za gazeti la El País. Pengo kati ya sentensi yako na ya mwandishi ndilo somo la siku, na Anki, programu ya kadi za kukariri, itunze sentensi hiyo nzima, upande wa swali ukiwa kwa Kiswahili.

Kuhusu vitabu, nina ubishi na wanaoanza na riwaya ya Cien años de soledad. Anza na El coronel no tiene quien le escriba, fupi, kavu, na jina lake lenyewe lina subjuntivo ya mtu asiyekuwepo. Orodha ya yanayotakiwa kila ngazi ipo bure: Plan Curricular ya Instituto Cervantes, inayotaja hadi viunganishi vya C1 kimoja kimoja.

Viunganishi hivyo ndivyo vinavyopimwa kwenye mtihani wa Kihispania wa DELE C1. Katika sehemu ya kuandika, mtahiniwa husikiliza mhadhara, huchukua vidokezo, kisha hutunga hoja ya maneno 220 hadi 250. Anayetumia "ilhali", "maadamu", "mradi" na "licha ya" kwa raha katika Kiswahili hutafuta tu mientras que, puesto que, con tal de que, a pesar de, na kuzipanga. Ambaye Kiswahili chake kinategemea "lakini" na "kwa hiyo" ana kazi mbili, na ya kwanza haiko kwenye kitabu cha Kihispania. Alama nazo zimefungwa kwa jozi: kusoma na kuandika pamoja, kusikiliza na kusema pamoja, na kila jozi inataka walau 30 kati ya 50. Akiba ya kusoma haivuki kwenda jozi ya pili. Anayejisomea peke yake kwa kawaida huwa na akiba hiyo, na dakika 20 za mdomo ndizo zinazomwangusha, kwa hiyo kurekodi sauti kuanze wiki ya kwanza, kabla hata vitabu havijanunuliwa.