Heko kwa Mwalimu wa Sayansi

Maji ya maeneo mengi chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya watu wengi wa Arusha ndiyo ushahidi. Kwa mwalimu wa kemia wa Engutoto, mkoani Arusha, hilo ni somo lililokwisha kukaa darasani kabla yake. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huinasa floraidi hiyo.

Somo kama hilo huhitaji maabara. Jakaya Kikwete alipokuwa rais aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichanga, kuta zikasimama. Lakini maabara hudai pia bureti, kemikali, maji ya bomba na fundi sanifu. Fundi asipokuwapo, mwalimu mwenyewe huandaa myeyusho, huosha vyombo, kisha husahihisha madaftari usiku. Kazi hiyo ni kubwa mno kuitwa ya kawaida.

Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kwa chujio lake la maji. Alistahili.

Wanaowaandaa wataalamu wa namna hiyo tangu kidato cha kwanza nao waitwe jukwaani, na fedha za kemikali ziwafikie mwanzoni mwa muhula, si mtihani wa vitendo ukiwa mlangoni.